Gaju, Bihogo na Kufuli ya Konsolata

Asubuhi hapa Rebero, nyumbani kwa binti yangu, ukungu hujaa mabondeni mpaka Kigali inakuwa ziwa. Vilima vinabaki visiwa. Vingine vinatoa kichwa tu, kama ng'ombe anayeogelea. Mimi nakaa barazani na chai yangu ya tangawizi, nasikia honi za magari kutoka chini ya yale maji yasiyo maji, na siku nyingine naapa nasikia mashine ya boti. Binti yangu ananiambia, "Mama, umeanza tena." Sijaanza kitu. Nimemaliza kazi, basi, na mtu aliyemaliza kazi ana ruhusa ya kusikia boti anapotaka.

Vijana wa karakana ya Kimisagara, haya ni yenu. Mlisema niandike kabla sijasahau. Kusahau sijasahau, ila shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo anayetafuta mkato na nukta humu ataumwa macho bure. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi. Kinyarwanda nilinyonya kwa mama, lakini spana, fyuzi na matusi ya karakana vilinifikia kwa Kiswahili, kutoka kwa madereva wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo waliokuja kutoka kila upande, na kutoka kwa Mzee Saidi wa Biryogo, Mungu amweke pema.

Habari za cheo na mshahara sitaandika. Cheo changu kilikuwa Mama Betri. Nilianza nacho, nikastaafu nacho.

Pale Kimisagara niliingia nikiuza uji. Mzee Saidi alikuwa anachaji betri chini ya mabati, kofia yake nyeupe safi mahali ambapo hata hewa ilikuwa nyeusi. Siku hiyo msaidizi wake hakuja. Akaniangalia nikiinua sufuria, akasema, "Wewe mama wa uji, mikono yako ina nguvu kuliko ya huyo mvivu wangu. Nishikie hii." Nikaibeba betri tumboni, kama unavyobeba mtoto mzito. Hakuna aliyeniambia kuwa betri hutoka jasho la asidi. Sikuhisi kitu. Jumamosi nilipofua kitenge changu, kilitoka majini na matundu. Nikakianika, jua la saa sita likapita kwenye yale matundu, na kwenye ukuta wa nyumba yangu zikatokea nyota. Nyota, mchana. Nilisimama nikiziangalia mpaka uji ukaungua. Kilikuwa kitenge cha harusi yangu, ilinipasa kulia. Badala yake nikataka kujua ni maji gani hayo yanayotengeneza nyota. Jumatatu nilirudi bila sufuria.

Ninyi mna glavu. Vaeni. Msingoje nyota.

Mzee Saidi alikuwa ananusa betri kabla ya kuipima. "Hii imechemka," anasema. "Hii ina kiu." Halafu anapima, na mara nyingi kipimo kinamkubalia. Alinifundisha kukaza nati mpaka inapokataa na kuacha hapo hapo, kwa sababu nati ina heshima yake, ukiilazimisha inakuvunjikia mkononi. Alinifundisha kupaka grisi kwenye vichwa vya betri ili ule ukungu wa kijani usiote. Lakini funzo lake kubwa lilikuwa moja, nalo ndilo lililowafanya wateja wamchukie: hakurudisha kazi mpaka aiue kwanza. Ukimletea gari ukasema linakufa asubuhi, akishalitengeneza atawasha taa zote, redio, kila kitu, aliache life mbele yako. Halafu alifufue, pia mbele yako. Ndipo anakupa ufunguo.

Siku moja alifanya hivyo kwa gari la bwana harusi, limefungwa maua mpaka kwenye vioo vya pembeni. Bibi harusi amekaa kwenye tairi kuukuu na shela lake, anatafuna njugu, watu wa kanisa wanapiga simu, na Mzee Saidi anangoja taa zife. Baba wa bwana harusi akamwambia, "Mzee, unatuaibisha!" Yeye akamjibu taratibu, "Nikuaibishe hapa kati ya mafundi, au likuaibishe mlangoni kwa padri?" Taa zikafa. Akafanya kazi yake. Gari likanguruma. Bibi harusi akapiga vigelegele mwenyewe.

Macho yake yalipochoka aliniachia taa yake ya kupimia, balbu ndogo ndani ya kopo la maziwa yenye waya mbili. Mkiiona kwenye sanduku langu msicheke. Imeona uongo mwingi kuliko hakimu.

Miaka ikapita juu yetu. Zikaja teksi nyingi, zikaja pikipiki, ikaja sola. Nilipanda mapaa ya watu nikiwa bibi tayari, wajukuu wangu wakinishikia ngazi na kujigamba shuleni kwao. Wana haki. Niambieni bibi mwingine mnayemjua anayeshuka paani na koleo mdomoni.

Halafu ikaja ile kazi ya boti, ambayo ndiyo nataka mjue vizuri, kwa sababu mtaitiwa nyingine kama hiyo.

Konsolata alishuka kwenye basi Nyabugogo akiwa na betri kichwani, juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, mikono inaning'inia huru. Akaja nayo hivyo hivyo mpaka Kimisagara. Alikuwa mjane kutoka Ziwa Kivu, upande wa Kibuye, mrefu, na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo. Akaiweka betri mbele yangu.

"Wewe ndiye Mama Betri?"

"Ndimi."

"Hii boti yangu inalala katikati ya ziwa kama ng'ombe aliyegoma. Watu wananiangalia. Unanitazama nini? Fufua."

Nikamuuliza boti ina nini. Ilikuwa boti ya mbao, ya kuvusha watu kati ya pwani na kisiwa, na mashine ya dizeli isiyokubali kuamshwa kwa mkono. Betri moja tu, ndiyo hiyo. Inawasha mashine, inawasha taa, inaimbisha redio. Na kisiwani kwao umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo kila abiria anayepanda anachomoa simu iliyokufa na kuomba chaji.

"Si umwambie dereva wako akatae?" nikasema.

Akacheka kicheko kibaya. "Dereva wangu ni mkwe wangu. Faustini. Kijana wa hapa hapa Kigali, alikuwa anaendesha teksi. Kamuoa binti yangu Klodina, kaja kukaa kwetu. Mwanamume anayekaa ukweni, atamkatalia nani? Anagawa umeme kama pombe ya harusi."

"Na wewe umemwambia?"

"Mimi? Nitasemaje na mkwe wangu mambo ya namna hiyo?"

Hapo nikaelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawasemezani hovyo, wala hawapigishani kelele, wanapitisha maneno kwa mtu wa tatu. Nyumbani inapendeza. Kwenye boti ya mita chache, yenye betri moja, ni balaa.

Kisha Konsolata akashusha sauti, na huyo ndiye Konsolata wa kweli niliyemsikia. "Klodina ana mimba, iko karibu. Ya kwanza iliharibika kwa sababu hatukuwahi kufika ng'ambo. Boti ililala. Mimi nilikuwa ndani yake. Safari hii isilale, Mama Betri. Hilo tu."

Nikafunga karakana, nikampandisha mpaka maduka ya Muhima kununua betri ya pili na swichi.

Sikilizeni sasa, hii ni kazi. Betri moja haiwezi kuwa mama wa kila mtu. Unaweka mbili, na katikati yake unaweka swichi ya mviringo yenye nafasi nne: ya kwanza, ya pili, zote mbili pamoja, na kuzima. Lakini swichi si swichi zote. Starta ya dizeli inavuta umeme mwingi kwa kishindo, na swichi nyepesi inayeyuka kama siagi. Kwanza nilizishika mkononi. Nyepesi nikazirudisha. Kijana wa duka, mdomo mtamu, akaniambia, "Mukecuru, bibi yangu, hii ni orijino kabisa."

"Orijino ya wapi, ya chumbani kwako?"

"Mana we, Mungu wangu! Bibi anauma huyu."

Zikabaki chache. Nikatoa kopo la Mzee Saidi. Nikaunga betri mbili pale dukani, nikaweka balbu, nikageuza swichi kutoka ya kwanza kwenda ya pili kupitia katikati. Balbu ikakonyeza. Nikairudisha hiyo. Swichi nzuri inashika mkono wa pili kabla haijaachia wa kwanza, na balbu haikonyezi kabisa. Mashine ikiwa inazunguka, huko kukonyeza kidogo tu kunatosha kuchoma dayodi za alternata, ile inayochaji betri. Usiniulize dayodi ikoje ndani, sijawahi kuifungua ikaniambia. Najua inavyonuka ikiungua.

Zikabaki mbili zilizofaulu. Moja ina kishikio kilichofungwa palepale. Nyingine kishikio chake kinachomoka kama ufunguo. Konsolata akaidaka hii ya pili.

"Hii! Nachomoa, naweka kwenye sidiria, nalala usingizi."

"Hapana, Mama. Hii nyingine."

"Boti ni yangu!"

"Boti ni yako. Sasa kishikio kikiwa kwenye sidiria yako, sidiria iko pwani na boti iko kisiwani, una boti au una kabati?"

Kijana wa duka akageuka ukutani acheke. Konsolata hakucheka. Akasema huyo mkwe wake akiachiwa betri mbili atagawa mbili. Nikasema anayeshika usukani ndiye anashika swichi, la sivyo nibebe kopo langu nirudi Kimisagara. Tukabishana mpaka watu wakasimama mlangoni. Mwisho akakubali kile kishikio kisichochomoka, lakini tulipotoka akaingia duka la pili, akatoka na kufuli kubwa ya shaba.

"Hiyo ya nini?"

"Utatengeneza kisanduku juu ya swichi. Nitakifunga."

Kuna mabishano unayaacha yasafiri na basi.

Nililala njia nzima ya kwenda Kibuye, na katika usingizi ule vilima vilikuwa vinapita kama migongo ya ng'ombe wakubwa wanaoshuka kunywa maji. Nilipofungua macho, ziwa lilikuwa pale, limekaa, bila pembe ya mwisho. Sijui kuogelea. Nilikuwa sijawahi kupanda kitu kinachoelea. Nikavua viatu nikaingia kwenye ile boti kama mtu anayeingia msikitini, na mbao zikanibembeleza chini ya nyayo, na tangu siku hiyo nikilala vizuri ndiyo hivyo ninavyolala, nikibembelezwa.

Faustini alikuwa mwembamba, mpole, na macho ya kuomba radhi. Alinisalimia kwa mikono miwili. Mama mkwe wake alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu.

"Bibi Zena," akaniambia Konsolata, maana mbele ya mkwe aliacha Mama Betri akaniita kwa jina langu, "mwambie dereva alete ubao mkavu."

Faustini amesikia. Amesimama palepale, ameutazama ule ubao. Anangoja nimwambie.

"Leta ubao mkavu," nikasema.

"Bibi Zena, mwambie Mabukwe nauleta." Mabukwe ndiye mama mkwe kwa lugha yetu, na alilisema kwa adabu mpaka nikaona aibu kwa niaba ya ubao.

Ikawa hivyo siku nzima. Mikono yangu inafunga waya, mdomo wangu unafanya kazi ya posta.

Betri niliziweka kwenye sanduku lao, zimefungwa mikanda zisiruke mawimbi yakija, na matundu juu, kwa sababu betri inayochaji inapumua hewa mbaya, na hewa hiyo inapenda cheche. Kwa hiyo swichi haikai humo ndani. Nikaiweka nje ya sanduku, karibu, juu ya pale maji yanapodondokea, mkono wa kulia wa dereva. Waya fupi na nene, za unene mmoja. Fyuzi karibu na betri. Na pampu ya kutoa maji ya chini ya boti nikaiunga moja kwa moja, na fyuzi yake, isipite kwenye swichi, maana mtu akizima akaenda kulala, maji hayalali.

Kisha nikawakalisha kuwafundisha. Maandishi ya ile swichi yalikuwa Kiingereza, na hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na haja nayo. Nikatoa rangi. Namba moja nikaipaka kahawia ya kung'aa. Namba mbili, nyekundu nzito.

"Huyu ni Gaju," nikasema, "na huyu ni Bihogo." Ni rangi za ng'ombe, kila Mnyarwanda anazijua kabla hajajua jina lake kamili. "Gaju ni wa kukamua kila siku. Taa, redio, simu za abiria, kuwasha mashine. Bihogo hakamuliwi. Bihogo maziwa yake ni ya ndama."

Konsolata akawa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. "Na wanakula saa ngapi?"

"Mashine ikizunguka, weka kishikio katikati, wanakula pamoja. Mashine ikizimwa, rudisha kwa Gaju mara moja. Ukisahau, simu za watu zitawakamua wote wawili."

"Na hapa kwenye sifuri, pa kuzima?" Faustini akauliza.

"Hapo hugusi mashine ikiwa inazunguka. Kamwe. Zima mashine kwanza. Ninyi madereva wa Kigali nawajua. Mkiona mteremko mnazima mashine, gari lishuke lenyewe, dizeli ibaki. Hapa hakuna mteremko."

Akainamisha kichwa, anatabasamu. "Kweli, Bibi. Mkono wangu bado una mteremko."

Kesho yake asubuhi nikasema tutoke ziwani tumuue Gaju.

Konsolata alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Bibi Zena. Mtoto wangu yuko kisiwani, tumbo limeshuka, ni leo ni kesho. Na wewe unataka kuua betri?"

"Ndiyo maana nataka."

"Mwambie dereva..." Akakosa la kumwambia dereva.

Nikamweleza habari ya Mzee Saidi. Nikamwambia mimi nitarudi Kigali, na siku betri itakapokufa yenyewe sitakuwepo, ndiyo bora ife nikiwepo. Akachukua furushi lake, na ile kufuli ya shaba ndani, akapanda.

Tulikwenda mpaka kisiwa kikawa karibu kuliko pwani, Faustini akazima mashine, akarudisha kishikio kwa Gaju. Tukawasha taa zote mbele ya jua. Redio juu kabisa. Simu zetu zote kwenye chaji. Tukangoja.

Sijui niwaelezeje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na sisi ndani yake, hakuna juu wala chini. Kisiwa kilikuwa kinaning'inia hewani bila kushikwa na kitu. Ukichovya kidole, duara linatoka kwenye kidole chako na kwenda zake, polepole, mpaka linaingia kwenye ukungu, na unabaki ukifikiri linafika wapi. Nilimwona Mzee Saidi, nawaambia ukweli. Hakuwa mzimu, alikuwa tu pale kwenye mawazo, amekaa ubavuni na kofia yake safi, ananusa ziwa. Jua lilipopasua ule ukungu, miale ikaanguka majini matundu matundu, na nikakiona kitenge changu kimetandazwa kutoka pwani mpaka Kongo, na nyota zake zote.

"Bibi Zena, mwambie dereva apunguze redio, naumwa kichwa."

"Bibi Zena, mwambie Mabukwe redio ndiyo inayoua betri."

"Mwambie iue kwa sauti ndogo."

Jua likapanda. Tukala viazi vitamu. Taa zikawa za manjano, kisha za rangi ya kaa la moto linalokufa. Redio ikakohoa, ikakatika katikati ya tangazo la sabuni. Kikawa kimya kikubwa mpaka nikasikia maji yakigusa mbao.

Na katika kimya hicho simu ya Konsolata ikalia.

Akasikiliza. Mkono wake ukaanza kutafuta pa kushika. Kisha akasema, "Imeanza. Klodina. Maji yametoka."

Faustini akaruka kwenye ufunguo wa mashine. Akazungusha. Tik. Akazungusha tena. Tik. Kishikio kilikuwa bado kwa Gaju, na Gaju tulikuwa tumemuua kwa mikono yetu. Tik. Uso wake ulikuwa umeondoka, haukuwa pale. Alikuwa anazungusha ufunguo kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mimi swichi ilikuwa karibu yangu, ningenyoosha mkono tu. Nilikalia mikono yangu. Vijana, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Lakini siku nyingine ningekuwa Kimisagara.

"Bibi Zena," Konsolata akaanza, "Bibi Zena, mwambie..."

Sikumwambia mtu kitu. Nilimtazama tu.

Akavuta pumzi. Na ile sauti yake ya kuita ng'ambo ikatoka, moja kwa moja, bila posta:

"Faustini! Mwanangu! Mwache Gaju, amekufa! Mpe Bihogo!"

Alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Nafikiri hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama yule. Akaangalia swichi, akaona nyekundu, akageuza. Akazungusha ufunguo. Mashine ikakohoa mara moja ikashika, na moshi ukatoka, na boti nzima ikatetemeka kama mnyama anayesimama.

"Sasa katikati," akasema Konsolata, amemshika bega. "Walishe wote."

"Ndiyo, Mama," akasema Faustini. Hakusema Mabukwe.

Tukaenda. Tulipokaribia kisiwa, watu walikuwa wanateremka na ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, wameibeba mabegani, na Klodina juu yake amekamata pembe mbili. Faustini alimwona mke wake. Mkono wake ukasahau kuwa uko ziwani. Ukaona gati, ukaona mwisho wa safari, ukaona mteremko wa Kigali. Ukaenda kuzima, na haukwenda kwenye mashine, ulikwenda kwenye kishikio, kukipeleka kwenye sifuri, mashine inazunguka.

Pah! Konsolata alimpiga kofi mkononi mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

"Mashine kwanza!"

Mama mkwe amempiga mkwe wake mbele ya kisiwa kizima. Waliobeba ingobyi walisimama. Hata Klodina, kati ya uchungu na uchungu, alifungua jicho moja akauliza, "Mama, umefanya nini?"

"Nimeokoa alternata," akasema Konsolata. "Panda."

Safari ya kurudi ilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa, maji meupe, mkono wa Klodina unavunja vidole vyangu, na Konsolata amesimama nyuma ya Faustini akimwambia shika kushoto, shika kulia, kana kwamba alikuwa ameyaweka maneno hayo tangu siku ya harusi. Hakuna aliyenituma popote. Pwani gari la hospitali lilikuwa linangoja. Jua lilikuwa bado halijaenda upande wa Kongo mtoto alipolia. Msichana. Kelele nyingi, kama bibi yake.

Jioni ile ile Konsolata alinikuta botini nakaza nati ya mwisho. Alikaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Akafungua furushi, akatoa ile kufuli ya shaba, mpya, na funguo zake. Nikafikiri sasa ataniomba kisanduku. Akaifungua, akazitoa funguo, akazitupa ziwani, mbali, kwa mkono wa mtu anayejua kutupa. Kufuli akaniwekea pajani.

"Peleka Kigali," akasema. "Hapa haina kazi."

Mpaka leo ananipigia simu, na hasemi habari gani. Anasema, "Bihogo hajaguswa." Nami namwambia vizuri. Halafu nasikia nyuma yake Faustini anabishana naye kwa sauti, na yeye anamjibu kwa sauti, na mtoto anawapigia kelele wote wawili, na mashine chini yao. Leo amepiga mapema, ukungu ukiwa bado mzima hapa Rebero. Nilipokata simu, ile sauti ya boti haikuondoka bondeni, nami sikuitaka iondoke.

Sanduku langu la vyombo nimewaachia pale Kimisagara, chini ya mabati. Mmeona ile kufuli ya shaba inayoning'inia wazi kwenye kifuniko. Mmoja wenu aliniuliza ufunguo wake uko wapi. Uko Kivu. Ukiibana kufuli hiyo hutaifungua tena, kwa hiyo iacheni ilivyo, na anayeshika kazi achukue anachohitaji.